Wapangaji wa Marehemu

Mhadhiri huyu alikuwa mwanamke asiyependa mifano. Chai ikiwa ya moto alisema ni ya moto, basi. Wanafunzi wake chuoni walimwogopa kwa sababu hiyo, maana ukimwandikia kwamba bakteria wanauvamia mwili kama jeshi, alikurudishia karatasi akikuuliza jeshi hilo lina makamanda wangapi na wanalala wapi. Chuo kilipoamua kwamba wahadhiri watoke nje wakawafundishe watu wa kawaida, yeye alipewa ukumbi wa mtaa mmoja wa mafundi na wenye maduka madogo, kila Alhamisi alasiri. Akaenda na hadubini yake, picha zake na ukweli wake mtupu.

Siku ya kwanza watu walijaa, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Ya pili hakukuwa na mvua. Ya tatu msikilizaji alikuwa mmoja tu, naye ni msimamizi wa ukumbi, mzee aliyeitwa Funguo kwa ajili ya kishada cha funguo alichokining'iniza kiunoni. Huyo kwa kazi yake hakuwa na pa kwenda.

Mhadhiri alimfundisha Mzee Funguo peke yake, mpaka mwisho, bila kuruka picha hata moja. Alipomaliza akamwuliza kama ana swali. Mzee akasema swali hana, ila ana ushauri, kama mwalimu hatachukia.

"Watu hawaji kusikia habari za bakteria, mwalimu. Watu huja kusikia habari zao wenyewe. Waambie hao bakteria ni wa kwao, kisha uone."

Ushauri huo haukumpendeza Mhadhiri, lakini hakupata kosa ndani yake. Tangazo jipya likabandikwa mlangoni: kila atakayekuja aje na kitu kimoja kutoka nyumbani, kitapimwa ijulikane kinachoishi juu yake.

Wakaja. Fundi viatu alileta nyundo. Mwuza mikate alileta kitambaa cha kufutia meza. Mama mmoja alileta mswaki wa mumewe, kwa nia ambayo haikuwa ya kisayansi. Fundi Saa, mwanamume mpole wa makamo, alileta kibano chake cha kazi akiwa na hakika kwamba hakuna kitu safi kuliko hicho mtaani. Na Mama Vifungo, aliyekuwa na duka la vifungo, zipu na nyuzi mkabala na kibanda cha Fundi Saa, alileta kitu kidogo cha shaba kilichofungwa ndani ya leso. Kilikuwa kipulizio cha tarumbeta.

Mhadhiri alichukua kijiti chenye pamba, akasugua kila kitu kilicholetwa, kisha akapaka pamba ile juu ya visahani vyenye rojo gumu la mwani, chakula ambacho bakteria hawakikatai. Akavifunika, akavipanga ndani ya kabati la joto alilokuwa ameliweka kwenye stoo ya ukumbi, kati ya viti vilivyobebana na ngoma moja iliyopasuka. Akawaambia warudi wiki ijayo.

Wiki iliyofuata hakuna aliyekosa. Visahani vilipita mkono kwa mkono vikiwa na vifuniko vyake. Nyundo ya fundi viatu ilikuwa imeota madoa ya kijani. Kibano cha Fundi Saa kilikuwa kimeota bustani nzima, ya njano, nyeupe na kijivu chenye manyoya, na mwenyewe akakirudisha kisahani, akajifuta mikono kwenye suruali. Sauti moja kutoka nyuma ikasema kikulacho ki nguoni mwako, watu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza ukumbi ule kucheka na Mhadhiri akiwa ndani, naye akajikuta anatabasamu.

Ndipo Mama Vifungo akakitazama cha kwake. Ndani yake kulikuwa na vidoa vidogo vya mviringo, vyeupe vyenye umanjano kidogo, vimekaa kwa safu kama vifungo vya shati vilivyoshonewa kwenye kadi. Akauliza kama vitu hivi ni hai. Mhadhiri akasema ni hai, tena ni wale wanaoishi vinywani mwa watu.

"Kipulizio hiki ni cha nani, mama?" akamwuliza.

"Cha mume wangu. Alikuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi ya zimamoto. Amefariki."

Mhadhiri alimtazama mama yule, aliyekuwa amekishika kisahani kwa mikono miwili, kifuani, na hapo akafanya jambo alilokuwa akiwakataza wanafunzi wake miaka yote.

"Tuseme hivi, mama," alisema. "Mwili ni nyumba, na hawa ni wapangaji. Mwenye nyumba ameondoka, lakini baadhi ya wapangaji wake bado wapo."

Watu wakashusha pumzi. Mhadhiri alihisi utamu ambao hakuwahi kuuhisi darasani, na kama mtu aliyeonja sukari kwa mara ya kwanza, akaongeza kijiko cha pili. Akasema ni kama kipande cha marehemu ambacho bado ki hai.

Mama Vifungo akainamisha kichwa juu ya kisahani.

"Habari za siku nyingi," akakiambia.

Sheria ya Mhadhiri ilikuwa moja: visahani havitoki ukumbini, kwa usalama wa watu. Mama Vifungo hakubishana naye. Kesho yake asubuhi alifunga duka kwa muda, akaja na kigoda chake, akamwomba Mzee Funguo amfungulie stoo. Akaketi mbele ya kabati la joto akamsimulia mumewe habari za mtaa. Siku iliyofuata alikuja na majirani wawili waliotaka kutoa salamu. Baada yao wakaja wengine, na Mzee Funguo, aliyewahi kulazwa hospitali akaelewa umuhimu wa utaratibu, akaweka saa za kuwaona. Akaleta benchi. Akaandika kwa chaki juu ya mlango wa stoo: NDUGU KWANZA.

Alhamisi Mhadhiri alikuta ukumbi umejaa hadi madirishani. Alifurahi mpaka alipogundua kwamba wasikilizaji wote wamekaa upande upande, wanautazama mlango wa stoo. Alifundisha hivyo hivyo. Wakati wa maswali, mwuza mikate alisimama akauliza kama marehemu anajua kwamba alifariki. Mhadhiri akajibu kwamba bakteria hawajui chochote. Watu wakaridhika, kwani hata katika uhai wake marehemu hakuwa mtu wa kujua mambo mengi nje ya tarumbeta. Fundi viatu naye akataka kujua, kwa kuwa nyundo aliirithi kwa baba yake, kama lile doa la kijani lililo kubwa kuliko mengine ni mzee. Mhadhiri akasema hilo ni ukungu. Fundi viatu akasema ndiyo, baba yake alikuwa mtu wa namna hiyo.

Aliyeumizwa na mambo haya alikuwa Fundi Saa. Tangu mwaka uliopita mtu huyu alikuwa akinunua vifungo dukani mkabala, ingawa shati zake zote zilikuwa kamili. Alianza na vyeupe vya kawaida, vikaja vya makoti, na mwishowe alikuwa na boksi zima la vifungo vya nguo za harusi za kike. Siku chache kabla ya hotuba ile ya visahani ndipo alipopata ujasiri akasema alilotaka kusema. Mama Vifungo hakukataa. Aliomba muda. Sasa muda ule ulikuwa umepata mwenyewe: mama alimwambia kwamba ingekuwa utovu wa adabu kujibu jambo kama hilo bila kumwarifu aliyeko stoo.

Fundi Saa alimvizia Mhadhiri akifunga picha zake, akamwuliza kwa sauti ya chini kama kisayansi mwanamke yule ni mjane au si mjane.

"Sayansi haina wajane," Mhadhiri akasema.

"Basi niambie wanaishi muda gani, hao."

Mhadhiri akamweleza kwamba wakilishwa vizuri na kuhamishiwa kisahani kipya kila mara, ukoo wao unaweza kuendelea miaka mingi. Unaweza kutupita sisi sote. Fundi Saa akamshukuru, kama mgonjwa anavyomshukuru daktari aliyempa habari mbaya kwa upole.

Siku chache baadaye Mhadhiri alikuja kuwabadilishia bakteria chakula, akakuta ngazi mlangoni. Ilikuwa ngazi ndefu ya chuma, nusu iko ukumbini na nusu iko stoo, maana haikuweza kukata kona. Nyuma yake alisimama mwanamume mwenye mikono mipana. Huyo alikuwa fundi bomba, mdogo wake marehemu. Ndugu hawa wawili waliacha kusemezana kwa ajili ya ngazi hiyo. Mdogo aliiazima kwenda kufunga tangi la mtu, akachelewa kuirudisha, mkubwa akamwita mwizi mbele ya wateja, na tangu hapo walipokutana njiani mmoja alivuka barabara. Fundi bomba hakwenda hata mazikoni. Sasa alikuwa ameisukuma ngazi hadi ncha yake ikafika karibu na kabati la joto, ili kaka yake aione. Mama Vifungo alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, pembeni.

"Kaka, ngazi yako hii," alisema fundi bomba. "Nilitaka kuirudisha siku ile ile. Uliponiita mwizi nikaona basi, acha niwe mwizi kweli."

Akasubiri. Kabati la joto likanguruma kidogo kama kawaida yake.

"Amesikia, shemeji," akasema Mama Vifungo.

"Anasemaje?"

Mama Vifungo akakitazama kisahani kwa muda. "Anasema iegemeze ukutani. Yamekwisha."

Fundi bomba akalia, ameegemea ngazi yenyewe. Alipojipangusa akaanza kuomba radhi kwa kutu. Akasema vipago viwili vya chini vimelika, kwa sababu tangu siku ile kaka yake alipozikwa, mwaka juzi, aliiacha nje kwenye mvua, hakuwa na moyo wa kuigusa.

Mhadhiri alikuwa amesimama nyuma yao na kisahani kipya mkononi. Neno moja likamwingia kama mwiba: mwaka juzi. Yeye alidhani marehemu amefariki wiki chache tu zilizopita. Hakuuliza, na hakuna aliyemwambia. Tena shaba ina ukali wake kwa vijidudu, huwaua. Hakuna bakteria wa kinywani awezaye kukaa juu ya shaba kavu mwaka mzima na zaidi akisubiri kijiti cha pamba. Wapangaji hawa walikuwa wameingia juzijuzi.

Hakusema kitu, kwa sababu wakati huo huo mlango wa ukumbi ulifunguliwa akaingia mama wa wale ndugu wawili, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Alikuwa mfupi, amejifunga vizuri, na hakuwa mtu wa kudanganywa na muuza samaki. Alisema amesikia kuna mtu anasema mwanawe yuko kwenye kisahani, amekuja kuona mwenyewe.

Mhadhiri akamtegea hadubini. Bibi akavua miwani, akainama, akatazama muda mrefu.

"Mbona wengi hivi?"

"Wanazaliana, bibi."

"Na mke wao yuko wapi?"

"Hawahitaji mke. Mmoja hujigawa, wakawa wawili."

Bibi akainua kichwa, akavaa miwani yake. "Huyu si mwanangu," akasema. "Mwanangu hakuwahi kugawa hata mkate."

Hata hivyo hakuondoka. Alimwondosha mkwewe kwenye kigoda kwa ishara ya kidole, akaketi yeye, na kwa muda mrefu akakisema kile kisahani kwa mambo ya zamani: kulala na nguo mbichi baada ya kuzima moto, kutokula vizuri, kutoandika barua alipokuwa kikazi mbali. Alimaliza kwa kuuliza kama ndani ya lile kabati kuna baridi. Alipoambiwa kuna joto la mwili wa binadamu, akasema angalau hilo.

Mhadhiri hakulala vizuri wiki ile. Alimwomba Mama Vifungo afungue kinywa, akapitisha kijiti cha pamba kwenye ulimi na ufizi, akasema ni kwa ajili ya kulinganisha tu. Vijiti na visahani akavipeleka maabara ya chuo. Akavipima kwa kila njia aliyoijua, kisha akarudia tena kwa sababu jibu halikumpendeza. Walikuwa wale wale. Aliyekuwa kwenye kisahani na aliyekuwa kinywani mwa Mama Vifungo ni ukoo mmoja.

Akaenda dukani. Lilikuwa duka jembamba, lenye droo ndogo ndogo mpaka darini, kila droo imebandikwa mbele kifungo kimoja kuonyesha kilichomo. Zipu zilining'inia kwenye waya kwa rangi zake. Mama Vifungo alikuwa anampimia mteja mpira wa kiuno, akiuvuta kwenye ukingo wa meza ambao alikuwa ameutia alama kwa kisu. Mteja alipoondoka, Mhadhiri akamweleza yote, bila mfano wowote.

Mama Vifungo aliendelea kukunja mpira.

"Napuliza kidogo tu," akasema. "Asubuhi, kabla sijafungua duka. Haitoi sauti, inatoa upepo."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza ni cha nani. Hukuniuliza nani anakipuliza."

Mhadhiri alikubali kiti alichopewa. Mama Vifungo naye akaketi, akafikiri.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa najisalimia mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Nilianza kushuku. Kila nilichomwambia alikubali. Mume wangu hakuwa hivyo."

Kilichomsumbua zaidi ni shemeji yake. Alikuwa amemsamehe kwa niaba ya mtu, na sasa mtu huyo hakuwapo. Wakalizungusha jambo hilo, huku Fundi Saa akionekana ng'ambo ya barabara, amepachika kioo chake jichoni, lakini jicho lile lingine liko dukani. Mwisho Mama Vifungo akasema yeye ndiye aliyekaa na jina la mwizi nyumbani miaka yote, yeye ndiye aliyesikiliza habari za ngazi kila mlo, kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kusema yamekwisha, ni yeye. Waambiwe ukweli.

Alhamisi ile Mhadhiri alipanda jukwaani bila picha. Alisema alikosea. Alisema alitumia mfano, na mfano ukampeleka pasipofaa. Hakuna kipande cha marehemu kwenye kisahani. Bakteria wale walitoka kinywani mwa Mama Vifungo, aliyekuwa akikipuliza kipulizio kila asubuhi.

Manung'uniko yakaanza mbele yakaenda nyuma yakarudi. Waliokuwa wamemletea marehemu siri zao walianza kukumbuka siri hizo zimesikiwa na nani. Mwuza mikate akasema kwa uchungu kwamba alimwomba marehemu ushauri kuhusu tanuri, na tayari ameufuata. Fundi bomba alisimama.

"Mimi nimerudisha ngazi kwa nani?"

"Kwangu, shemeji," akasema Mama Vifungo. "Na kusamehe nilisamehe mimi. Kama haitoshi, ichukue tena."

Fundi bomba akaitazama ngazi, iliyokuwa bado imeegemezwa ukutani, akaketi taratibu. Akasema inatosha.

Hapo ndipo Bibi akanyoosha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Na yeye mkwe wangu, hao bakteria aliwatoa wapi?"

Mhadhiri aliuona mtego, lakini alikuwa ametoka kuapa moyoni kusema kweli tupu. Akaeleza kwamba watu wanaoishi pamoja huambukizana vijidudu vya kinywani. Wanakunywa kikombe kimoja, wanaonja mwiko mmoja, wanabusiana. Katika ndoa ya miaka mingi, vinywa viwili huwa na wakazi wanaofanana.

"Sema wazi, mwanangu. Hawa walianzia kwa nani?"

"Huenda walianzia kwa mama wakahamia kwa marehemu. Huenda walianzia kwa marehemu wakahamia kwa mama. Hadubini haijui, bibi, nami sijui."

Bibi akainuka. Ukumbi ukampisha njia. Akafika mbele ya mkwewe, akamshika kidevu.

"Fungua kinywa."

Mama Vifungo akafungua. Bibi akachungulia, akamgeuza kidogo kuelekea dirishani apate mwanga, akachungulia tena.

"Kumbe yumo humu," akasema.

Watu wakapiga makofi. Mhadhiri alipaza sauti kueleza kwamba hilo silo alilolisema, kwamba yeye amesema haijulikani, lakini hakuna aliyemsikia, na waliomsikia walimwambia asijishushe. Waliridhika kuliko mwanzo, kwani sasa jambo lilikuwa na heshima yake: mtu kukaa kinywani mwa mkewe kunaeleweka, kukaa stoo na viti vilivyovunjika hakukuwa kuzuri. Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Fundi Saa, kwenye safu ya mwisho, alikuwa amegundua kwamba mpinzani wake ametoka kabatini akahamia mahali pabaya zaidi.

Hotuba zilikuwa zinafikia mwisho, na visahani kwa sheria huuawa. Mhadhiri alikuwa na jungu la mvuke la kazi hiyo, zito, lenye kifuniko cha kufunga kwa skrubu. Alitarajia ugomvi. Mama Vifungo akasema vichemshwe tu, yeye amechoka kujisalimia. Fundi bomba ndiye aliyelifunga jungu, maana alisema Mhadhiri hajui kukaza skrubu. Watu wakasimama kuzunguka stoo kwa adabu, kofia mikononi, ingawa hakuna aliyeweza kueleza kwa ajili ya nani.

Jungu lilipopata moto, mvuke ukatoka kwa nguvu ukajaza ukumbi, ukatokea madirishani. Mtu wa mtaa wa pili akauona akapiga simu. Gari la zimamoto likaja likilia king'ora, wazima moto wakaingia na mpira wa maji tayari, na Mzee Funguo akawazuia mlangoni kwa mikono miwili, akiwasihi wasimwage maji, kwamba ni yule mpiga tarumbeta wao. Mkuu wao hakuelewa. Mzee akaeleza tena, akianzia kwenye kipulizio, na kadiri alivyoeleza ndivyo sura ya mkuu ilivyozidi kukunjana. Hatimaye mkuu akafanya alilojua kufanya linapotajwa jina la mwenzake aliyekufa. Akavua helmeti. Wenzake wakavua. Wakajipanga mstari kwenye mvuke, maji yakiwatiririka usoni, mpaka jungu lilipoacha kupiga mluzi.

"Wamekufa," akasema Mhadhiri.

"Poleni," akasema mkuu wa zimamoto, akimpa mkono kila mtu, Mhadhiri naye akiwemo. Mhadhiri akajibu ameshapoa, na hakujua kwa nini alijibu hivyo.

Chuo kilifurahishwa sana na idadi ya watu waliohudhuria, kikampangia ukumbi mwingine, mada ikiwa minyoo ya tumboni. Inasemekana siku ya kwanza, kabla hata ya kujitambulisha, alipiga marufuku mtu yeyote kuja na kitu chochote kutoka nyumbani.

Fundi Saa naye alikaa na jambo lake siku kadhaa akilipindua huku na huku, kisha akaenda kwa Bibi, kwa kuwa hakukuwa tena na kisahani cha kuombea ruhusa. Alivaa koti lenye vifungo vingi kuliko ilivyohitajika. Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

"Ukimwoa, ujue unamchukua na mwanangu."

Fundi Saa akasema hilo amelifikiria. Alisema marehemu alimjua, aliwahi kumtengenezea saa, na hakuwa mtu mbaya ila kuchelewa tu. Akasema kama ni kukaa naye, atakaa naye.

Walioana bila makeke. Fundi bomba alipanda ngazi akapaka rangi nyumba, akiruka vile vipago viwili vya chini. Kila Ijumaa Bibi huenda kuwatembelea. Hukaa, hupewa chai, kisha humwambia mkwewe afungue kinywa, akachungulia na kusema maneno machache ya faragha humo ndani, hasa kuhusu nguo mbichi. Fundi Saa huwa anatoka nje kwa heshima mpaka wamalize.

Ijumaa moja hivi karibuni alipokuwa anainuka kutoka, Bibi akamzuia.

"Na wewe njoo hapa kwenye mwanga."

Fundi Saa akaja. Akainama, kwa kuwa Bibi ni mfupi, akafumba macho akafungua kinywa. Bibi akavaa miwani, akamshika shavu, akatazama kwa makini upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha nyuma kabisa.

"Ameanza kuhamia," akamwambia mkwewe. Kisha akasogeza uso karibu zaidi. "Hujambo, baba? Huku unakula vizuri?"

Fundi Saa, kinywa wazi, alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kukubali.